Vichwa Vilivyoinuliwa

Mwaka ule maji ya bwawa yalioza, na Nguchiro alikuwa ameshazika watoto wawili waliokufa kwa kuhara. Wanyama walipokutana hapo bwawani kupanga kisima kipya, alifika wa kwanza, na mwanawe wa mwisho mgongoni.

Mwenyekiti alikuwa Twiga. Alitangaza kwamba kisima kitazungushiwa ukuta wa mawe kuzuia matope, urefu wake mpaka gotini.

"Goti la nani?" aliuliza Nguchiro.

"Goti ni goti, mama. Anayekataa na ainue kichwa."

Nguchiro alikiinua chake mpaka shingo ikamuuma. Twiga alitazama juu ya nyasi, akawaona Nyati na Nyumbu wameinamisha vyao.

"Hakuna anayekataa. Kazi ianze."

"Mimi nakataa!"

"Sijakuona."

Mtoto alitapika mgongoni mwake. Nguchiro alisema kwa sauti tulivu: "Basi, mwenyekiti, kabla hujafunga mkutano, onja haya maji ya bwawa unayotuachia sisi wafupi."

Macho yote yakamgeukia Twiga. Kwa aibu alitanua miguu, akashusha shingo taratibu mpaka pua ikafika kwenye mizizi ya nyasi. Hapo akaganda. Kobe, Sungura, Nungunungu, Kwale na vifaranga wake, mamia kwa mamia, walikuwa wamesimama kimya, vichwa juu, wakimkodolea macho.

Nguchiro alimsogelea sikioni.

"Sasa hesabu."