Cheko la Bibi

"…na akacheka, mama! Akacheka mpaka pengo likaonekana!"

Binti yake Sikudhani ndiyo kwanza aingie, hata viatu hajavua. Tangu aanze kusomea upigaji picha chuoni, haambiwi kitu kwa ile kamera yake kuukuu ya filamu. Na Bibi, waliyemzika jana, ambaye maisha yake yote akiona kamera alijifunika kanga usoni, mwezi uliopita alimkubalia mjukuu wake picha moja.

"Mama yangu huyu? Alikubali?"

"Akaniambia, 'Piga upesi, mke mwenzangu, kabla sijabadili nia.'"

Mama akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. Akaichukua kamera, akaketi nayo barazani juani. "Imo humu?"

"Imo. Bado kusafishwa tu."

Sikudhani akainama kuvua viatu, huku akisimulia Bibi alivyojipaka wanja. Akasikia kifuniko cha kamera kikifunguka.

"Mbona sioni picha, mwanangu? Naona utepe tu." Mama alikuwa ameuvuta wote, ameuinua juani autazame vizuri.

Filamu ikipigwa na mwanga huungua, hakibaki kitu. Sikudhani alifundishwa hilo wiki ya kwanza. Akabaki na kiatu mkononi, akiutazama ule utepe.

"Nimeharibu?"

"Hapana, mama."

Mama akaurudisha utepe taratibu, akaifunga kamera, akaiviringisha kwenye kanga ya marehemu na kuipakata.

"Haya, malizia. Alipokwisha kucheka alisema nini?"

"Kesho, mama," Sikudhani alisema, macho kwenye ile kanga. "Yaliyobaki nitakusimulia kesho."