Chumvi Imefika Arobaini

Eunike alitazama tena kipima chumvi: arobaini. Ilipaswa kuwa thelathini na tano. Ndani ya tangi la mumewe matumbawe yalikuwa yamejikunja, na samaki walihema kwa kasi.

Alinyanyua ndoo ya maji yasiyo na chumvi, akasita, akampigia mumewe aliyekuwa mlimani na watalii.

"Baba Goodness, maji yakipungua nilikuwa naongezea ya chumvi. Nimekuulia samaki."

Upepo ulivuma kwenye simu.

"Maji hukauka, chumvi hubaki," alisema taratibu. "Usimimine ndoo nzima, watashtuka. Toa kikombe, weka kikombe. Leo ishuke namba moja tu."

"Na wakifa?"

"Wale wa kwanza niliwaua mimi, hivyohivyo. Sikukwambia tu."

Eunike aliitua ndoo, akavuta kiti karibu na tangi.