Benchi Nililolikalia Lindoni

Meno yangu matatu yaliyobaki yang'oke kama haya si kweli. Nilikuwa polisi wa bustani tangu enzi za filimbi, hadi kikosi kilipoyafundisha mabenchi kukumbuka na kusimulia kila neno lililowahi kusemwa juu yao, hata la zamani.

Nilipostaafu, mke wangu Mwanahawa akaanza kwenda bustanini kila asubuhi, ananukia udi. Wivu ukanitafuna. Nikachukua beji ya zamani, nikalihoji benchi lake.

“Hukaa peke yake,” likajibu.

Sajini Tabu akanishika bega. “Mzee Kibwana, mstaafu hahoji benchi. Adhabu unaijua.”

Naijua, niliitunga mwenyewe: anayempeleleza mwenzake, benchi lake nalo husomwa mbele ya mwenzake huyo. Langu nililikalia lindoni miaka thelathini, na si kila mara peke yangu.

Mwanahawa akaitwa, akaketi mbele ya benchi langu, akaweka kanga vizuri.

“Haya, baba Zuhura. Lianzie mwaka gani?”