Chupa Isiyo na Maji

Kifuniko cha chupa kilidondoka sakafuni gizani, kikabingirika, kikatulia.

Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Tunu, mtunza maabara wa shule ya sekondari, alikuwa uani akipepea jiko la mkaa. Kipepeo kikamtoka mkononi. Mle chumbani, ndani ya mkoba wake, mlikuwa na chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa asidi. Kesho wangekuja wakaguzi wa usalama, na kabati la kemikali halikuwa na kufuli. "Mama Hidaya, hii wee nenda nayo kwako," mwalimu mkuu alikuwa amemwambia mchana akicheka. "Wakiondoka utairudisha." Naye Tunu alicheka, akaichukua.

"Hidaya! Usinywe! Mama nakuja!"

Alijigonga goti mlangoni, akapapasa ukuta. Alipowasha tochi ya simu alimkuta mtoto mkekani, miaka yake minne, chupa mapajani imebaki nusu.

"Fungua mdomo, mwanangu. Fungua nione. Panakuuma? Niambie mama, panakuuma wapi?"

Kinywa kilikuwa chekundu, lakini vinywa vya watoto wote ni vyekundu. Akainusa pumzi yake, ikanukia maandazi ya mchana. Akainusa tena, maana hakuiamini pua yake.

Hidaya alifumba macho kwa ule mwanga, kisha akamwinua mdoli wake wa kitambaa, amelowa kifua kizima.

"Nimemnywesha mdoli kwanza, mimi bado," alisema.