Kibao Chekundu

Kibao chekundu kikapanda tena, na Leocadio Peguero akatema mate kwenye tuta alilosimama kurusha mpira wa besiboli.

Mpira ulitoka kwenye gongo la mpigaji kama risasi, ukapita chini chini. Radhamés Tineo, mlinzi wa kati, aliukimbilia, akajitupa mzimamzima, akaugusa kwa ncha ya glavu. Ukamponyoka. Akainuka na vumbi mpaka kwenye nyusi, akageukia kibanda cha karani wa mchezo, akajipiga kifua.

"Langu, Don Ulises. Hilo langu."

Don Ulises hakuwa na maneno mengi. Mlinzi akikubali kosa, yeye huinua chekundu, na pointi zitakazotokana na kosa lile mrushaji hahesabiwi. Kibao cheupe ni pigo safi, na hapo mzigo wote ni wa mrushaji. Lakini cheupe au chekundu, timu ikifungwa imefungwa.

"Mikono ya siagi hiyo," mashabiki wakamzomea Radhamés. "Mleteeni beseni adakie."

Siku ile Leocadio alishindwa kwa mara ya kumi na moja msimu ule. Hebu fikiria, San Pedro, mji unaootesha walinzi wa kati kama unavyootesha miwa, na yeye kaangukiwa na huyu. Tena huyu aliyekuwa compadre wake, maana Leocadio ndiye aliyemsimamia binti yake ubatizo. Tangu Pasaka walikuwa hawasalimiani.

Leocadio alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Klabu moja ya Meksiko ilikuwa inamtuma mtu Jumapili ya mwisho wa msimu kutafuta mrushaji mmoja, mmoja tu. Akikosa nafasi hiyo, basi tena, ni kurudi shambani kukata miwa, na kwa bega lile asingeweza hata kuinua panga. Bega lilikuwa linawaka moto kila anaporusha, kwa miezi mitatu sasa. Hakumwambia mtu ila mkewe, Nereida.

Siku ile ya kushindwa, alipoingia kubadili nguo, alikuta mfuko wa barafu juu ya benchi lake, kama kila anapofungwa. Alijua ni Radhamés kauweka.

"Ananikebehi," akasema, akaumwaga mtaroni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Nereida akamwambia nyumbani. "Nenda kwa kocha."

Akaenda. Kocha Maximino alikuwa anamenya chungwa.

"Mzee, nakuomba. Jumapili mtoe Radhamés."

"Wewe umeshindwa mara kumi na moja, sawa. Lakini pointi ulizohesabiwa wewe mwenyewe ni chache kuliko za mrushaji yeyote kwenye ligi. Huyo wa Meksiko hafuati kingine."

"Akikuta nafungwa mbele ya macho yake, atazitazama hizo hesabu?"

Kocha akatoa mbegu mdomoni. "Radhamés ana makosa ishirini na tisa mwaka huu. Ishirini na mbili ni siku unazorusha wewe. Wakirusha wenzako, anadaka hata nzi. Umewahi kujiuliza?"

"Nimejiuliza mpaka nimechoka. Ananichukia." "Nimemkosea nini mimi? Mzee, sina mwaka mwingine. Nipeni mtu wa kunilinda siku moja tu, Jumapili hiyo moja."

Kocha akarudi kwenye chungwa lake. "Haya. Nitamweka Bienvenido, hana makosa hata mawili. Usije ukanilaumu."

Ijumaa Radhamés akamsubiri getini. Alikuwa ameshaambiwa kwamba Jumapili hachezi.

"Compadre, Jumapili usirushe. Sema tumbo linakuuma."

"Ungefurahi, siyo?"

"Nakuomba kwa jina la mwanetu."

"Niondokee, Radhamés."

Jumapili uwanja ulijaa. Mgeni wa Meksiko alikaa mstari wa mbele na daftari lake gotini. Leocadio akajifunga kibwebwe, akawatoa wapigaji watatu wa kwanza, na mara ya kwanza tangu Pasaka akatabasamu.

Kwenye raundi ya tatu bega likaanza. Mpira ukamtoka mkononi mwepesi, mpigaji akautandika, ukapita palepale mipira yake inapopita siku zote. Bienvenido alipiga hatua mbili, akasimama. Hakuna aliyemlaumu, maana mpira ule hakuna binadamu wa kuudaka.

Bienvenido hakujipiga kifua, na Don Ulises akainua kibao cheupe.

Wa pili ukapita upande wa pili. Bienvenido hata hakujisumbua. Cheupe. Wa tatu, cheupe. Wapinzani wakaanza kuzunguka vituo na kuingia nyumbani mmoja mmoja, na kila aliyeingia alikuwa pointi ya Leocadio. Akajipangusa jasho, akaomba kimoyomoyo, akarusha kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Gongo likalia. Cheupe tena.

Bienvenido hakufanya kosa hata moja siku ile.

Mgeni wa Meksiko akafunga daftari, akalitia mfukoni, akaanza kutafuta njia ya kutokea.

Ndipo sauti ikatoka juu kwenye viti vya bei rahisi, na Leocadio aliijua kabla hajageuka. Radhamés alikuwa amesimama juu ya benchi na shati lake la kanisani, ameelekea kibanda cha karani, anajipiga kifua kwa ngumi.

"Langu, Don Ulises! Hilo langu!"