Mkeka wa Bi Kuruthumu

Siku ya kuwapokea wanafunzi wapya chuoni, kila kiti kilibandikwa jina la mzazi aliyechangia ujenzi wa maktaba. Jina la Bi Kuruthumu halikuwepo.

"Mama, wewe utasimama kule nyuma ya uzio," msimamizi alimwambia.

"Ada ya mwanangu mbona hamkuipokelea huko?"

Akaukunjua mkeka wa chumbani aliomletea bintiye, Sauda, akautandika katikati ya njia ya kupitia maprofesa, akavua viatu, akaketi. Sauda naye akavua vyake, akaketi ubavuni mwa mama yake.

Tarumbeta zikalia. Maprofesa wakaja na majoho yao, wakasimama ukingoni mwa mkeka.

"Karibuni," alisema Bi Kuruthumu. "Ila haukanyagwi na viatu."

Mkuu wa chuo, aliyewatangulia, akainama kuvitazama viatu vyake.