Kiti Langoni

Saa mbili na robo asubuhi, kiti cha mikono kilikataa kupita katika lango la bandarini. Shekue na mkewe Mwanatumu walikuwa wamekinunua mjini, ndani ya ukuta, ili wakipeleke kwenye mashua walimoishi.

"Ulikipima?" aliuliza bawabu.

"Nilipima mlango wa mashua," alisema Shekue. "Kinaingia vizuri kabisa."

Bawabu alieleza kwamba lango lilijengwa jembamba makusudi, adui aingie mmoja mmoja. "Limezuia majeshi mawili, bwana. Kiti chako ni cha tatu."

Maji yalikuwa yakipwa. Ikifika saa tatu mashua isingeweza kutoka. Shekue alimwambia mkewe wakiache.

"Kiache wewe," alisema Mwanatumu, akakikalia palepale. "Miaka sita ninakalia vitu vinavyoyumba. Hiki hakiyumbi."

"Kwa hiyo umehamia langoni?"

"Nimehamia kitini, mume wangu. Lango lina wenyewe."

Shekue akashuka gatini peke yake. Bawabu alimtazama kutoka langoni.

"Anafungua kamba, bibi."

Mwanatumu hakugeuka. "Ya mbele au ya nyuma?"

"Ya mbele."

"Ya nyuma ndiyo ngumu."

"Ameiacha. Ameingia ndani ya mashua."

Saa tatu kamili Shekue alirudi na msumeno. Bawabu akasimama mbele ya mwimo wa mbao wa lango. Mwanatumu akashika mikono yote miwili ya kiti. Chini yao mashua ilikuwa imekalia tope, kamba ya nyuma bado imefungwa.